Theluji ya Ikweta: Historia ya Kupiga Picha Vilele vya Ruwenzori

Kati ya milima mitatu iliyo mirefu kuliko yote barani Afrika, Ruwenzori ndiyo iliyochelewa zaidi kupigwa picha kamili, na sababu ya kuchelewa huko imo katika maumbile yake yenyewe. Kilimanjaro na Mlima Kenya ni volkeno, yaani milima iliyojengwa na miamba ya moto iliyotoka chini ya ardhi, na kila mmoja umesimama peke yake juu ya nyanda, hivi kwamba asubuhi isiyo na mawingu msafiri huweza kuuona akiwa angali mbali sana. Ruwenzori si volkeno. Ni pande la miamba ya kale lililoinuliwa na mipasuko ya Bonde la Ufa kwenye mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, lenye urefu wa takribani kilomita 120 na upana unaofikia kilomita 65, na juu yake imejipanga milima sita iliyotenganishwa na mabonde membamba: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Kilele kirefu kuliko vyote, Margherita, kimo katika Mlima Stanley na kina mita 5,109. Hewa yenye unyevu inayotoka upande wa misitu ya Kongo hulazimika kupanda inapokutana na pande hilo, hupoa, ikawa mawingu, na mawingu hayo huvifunika vilele siku nyingi za mwaka.

Kwa sababu hiyo, historia ya picha za Ruwenzori si historia ya kamera peke yake. Ni historia ya ubishi mrefu juu ya jambo ambalo wenyeji walilijua na wageni hawakuliamini, ya mizigo iliyopandishwa kwa mabega ya watu katika matope, na ya subira ya kungoja dakika chache za anga lisilo na mawingu. Ni historia pia ya ushahidi uliobadilika kazi: picha zilizopigwa ili kumaliza ubishi mmoja zimekuja kutumika, karne moja baadaye, katika swali ambalo mpiga picha mwenyewe hakulifikiria.

Mlima uliosikika kabla ya kuonekana

Habari za milima yenye theluji katika kiini cha Afrika ni za kale kuliko safari yoyote ya Wazungu kufika huko. Klaudio Ptolemaio, mwanajiografia aliyeishi Aleksandria katika karne ya 2, aliandika kwamba Mto Nile hupata maji yake kutoka maziwa yanayolishwa na theluji ya Milima ya Mwezi, na habari za maziwa hayo zilihusishwa na mfanyabiashara aitwaye Diogenes, aliyekuwa akirudi kutoka India na kusukumwa na pepo hadi karibu na Rhapta, bandari ya kale inayodhaniwa kuwa katika pwani ya Tanzania ya leo. Kwa hiyo uvumi huo ulipita pwani ya Afrika Mashariki kabla ya kuingia katika vitabu vya Wagiriki, kisha ukakaa humo kwa zaidi ya miaka 1,600 bila mtu wa kuuthibitisha wala kuukanusha.

Wahenga walisema kusikia si kuona, na katikati ya karne ya 19 methali hiyo ilipata mfano ulio wazi. Mmisionari Johannes Rebmann alipoiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na mwenzake Johann Ludwig Krapf alipouona Mlima Kenya mwaka uliofuata, taarifa zao zilipingwa kwa miaka mingi na mwanajiografia wa London, William Desborough Cooley, ambaye hakukubali kwamba theluji inaweza kudumu karibu na Ikweta. Rebmann na Krapf hawakuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya neno lao, na neno la mtu aliyeona halikutosha kumshinda msomi aliyekaa mezani.

Ruwenzori ilifichika hata kwa waliopita miguuni pake. Samuel Baker alifika Ziwa Albert mwaka 1864 na kuona milima ya rangi ya samawati upande wa mbali, lakini hakutaja theluji. Romolo Gessi, Mwitalia aliyelizunguka ziwa hilo mwaka 1876, alisimulia habari za kitu kilichofanana na milima yenye theluji angani, na wengi wakachukulia kuwa ni mazigazi, yaani taswira ya uongo inayoletwa na joto la hewa. Mpelelezi Henry Morton Stanley naye alipita upande wa mashariki wa milima hiyo mwaka huohuo bila kuvitambua vilele vyake.

Mambo yalibadilika mwaka 1888, wakati wa safari ya kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana aliyekwama kusini mwa Sudan, safari ambayo kwa sehemu kubwa ilibebwa na watu wa Zanzibar, kwa kuwa Stanley aliandikisha wapagazi zaidi ya 600 kisiwani humo kabla ya kuzunguka hadi mlango wa Mto Kongo. Mwezi Aprili wenzake wawili, Mounteney Jephson na daktari Thomas Parke, waliiona theluji kwa mbali, na tarehe 24 Mei Stanley mwenyewe alionyeshwa na kijana mmoja wa msafara mlima ulioonekana kama umefunikwa kwa chumvi. Mwanzoni alidhani ni wingu lenye rangi ya fedha, kisha akatambua kwamba wingu hilo lilikuwa na umbo lisilobadilika na kwamba limekaa juu ya ardhi. Mwezi Juni 1889 ofisa wake, William Stairs, alipanda na baadhi ya Wazanzibari hadi karibu mita 3,250, wakazuiwa na makorongo yaliyowatenga na theluji. Watu hao wa pwani walioganda kwa baridi katika nguo nyepesi ni miongoni mwa wa kwanza kutajwa katika maandishi kuwa walipanda miteremko ya Ruwenzori, ingawa majina yao hayakuandikwa kando ya jina la ofisa wao.

Kwa Wakonzo, wenyeji wa miteremko hiyo, hapakuwa na ubishi wowote. Jina lao la milima, Rwenzururu, ambalo wageni walilitamka kwa namna mbalimbali hadi likawa Ruwenzori, na kwa tahajia ya Uganda ya leo Rwenzori, linatokana na nzururu, neno lao la theluji. Jina lenyewe lilikuwa ushahidi tosha, lakini ushahidi huo ulikuwa katika lugha ambayo vyama vya jiografia vya Ulaya havikuijua.

Kati ya mwaka 1891 na 1906 watu kadhaa walijaribu kuikaribia barafu. Franz Stuhlmann, aliyefuatana na Emin, alipanda bonde la Butagu upande wa magharibi hadi kupita mita 4,000. J. E. S. Moore alifika kwenye barafu mwaka 1900, na mwaka huohuo Sir Harry Johnston, aliyetumwa kuisimamia Uganda kwa niaba ya serikali ya Uingereza, alipanda hadi mita 4,500 hivi. Johnston aliamini kwamba vilele vya juu vinazidi futi 20,000, yaani mita 6,100, hivyo kuipita hata Kilimanjaro. Mwishoni mwa mwaka 1905 Douglas Freshfield, mmoja wa wapanda milima mashuhuri wa Uingereza, alirudishwa na mvua. Mwanzoni mwa mwaka 1906 Mwaustria Rudolf Grauer, na baada yake wanasayansi wa msafara wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, walifika kwenye kingo za juu katika ukungu. Hata hivyo, mpaka wakati huo hapakuwa na mtu aliyeweza kusema kwa hakika vilele ni vingapi, vimepangana vipi, na kipi ni kirefu kuliko vingine.

Kioo, dawa na mwanga

Ili kuelewa kwa nini kazi hiyo ilimhitaji mpiga picha wa aina ya pekee, yafaa kueleza kwanza namna picha zilivyopigwa mlimani. Katikati ya karne ya 19 mpiga picha alitumia bamba la kioo lililopakwa kolodiani, ambayo ni dawa nzito yenye kunata, na bamba hilo lilipaswa kupakwa, kutiwa katika kamera, kupigwa picha na kusafishwa likiwa bado bichi, katika muda wa dakika kama kumi au kumi na tano. Maana yake ni kwamba aliyetaka picha ya kilele alilazimika kupanda na chumba cha giza, hema, chupa za dawa na maji. Auguste-Rosalie Bisson alipopiga picha juu ya Mont Blanc mwezi Julai 1861, alipanda na wapagazi 25, na kwa jasho lao wote alishuka na picha tatu.

Mwaka 1871 daktari Mwingereza, Richard Leach Maddox, alieleza njia ya kutumia jelatini badala ya kolodiani, na katika miaka iliyofuata mabamba makavu yakaanza kuuzwa madukani. Bamba kavu liliweza kutayarishwa kiwandani, likabebwa kwa wiki nyingi, likapigwa picha mlimani na kusafishwa baadaye kambini au nyumbani. Chumba cha giza kikabaki chini, na mpiga picha akaweza kupanda akiwa na kamera, stendi ya miguu mitatu na vioo vyake.

Hata hivyo uzito haukuisha. Picha za wakati huo hazikukuzwa kwa urahisi kama zilivyokuja kukuzwa baadaye, hivyo aliyetaka picha kubwa yenye kuonyesha kila ufa wa mwamba alilazimika kutumia bamba kubwa. Bamba la sentimita 30 kwa 40 lilikuwa na uzito wa karibu kilo moja, na kamera yake ilikuwa na uzito wa kilo kama 18. Bamba hilo lilikuwa pia na udhaifu wake katika kuona. Dawa ya mwanzo iliathiriwa zaidi na mwanga wa samawati kuliko rangi nyingine, hivyo anga la samawati na wingu jeupe vyote vilitokea vyeupe, na mawingu yakapotea. Juu mlimani, ambako mwanga wa samawati na ule usioonekana ulio zaidi ya urujuani ni mkali, kasoro hiyo iliongezeka, nayo theluji iliwaka kupita kiasi huku miamba ikibaki giza tupu. Mwaka 1873 mkemia Mjerumani Hermann Wilhelm Vogel aligundua kwamba dawa ikichanganywa na rangi fulani huweza kuhisi mwanga wa kijani na wa njano. Mpiga picha alipotumia mabamba ya aina hiyo na kuweka kioo cha njano mbele ya lenzi, anga lilipata kivuli chake na mawingu yakarudi mahali pake, ila alilipia faida hiyo kwa kuacha lenzi wazi kwa muda mrefu zaidi.

Mtu wa Biella

Mtu aliyeunganisha ujuzi huo wa kemia na ustadi wa kupanda alikuwa Vittorio Sella, aliyezaliwa tarehe 28 Agosti 1859 katika mji wa Biella, chini ya milima ya Alpi, kaskazini mwa Italia. Urithi wake ulimwelekeza katika njia zote mbili, kwani baba yake, Giuseppe Venanzio Sella, alichapisha mwaka 1856 mojawapo ya vitabu vya kwanza vya kufundisha upigaji picha kwa Kiitaliano, na baba yake mdogo, Quintino Sella, aliyewahi kuwa waziri wa fedha, alianzisha Chama cha Wapanda Milima cha Italia mwaka 1863. Mwezi Machi 1882 Vittorio alikuwa katika kundi la kwanza kuupanda mlima Matterhorn wakati wa baridi kali.

Kuanzia mwaka 1889 alisafiri mara tatu katika milima ya Kaukazi, na picha zake zilipamba kitabu cha Freshfield kuhusu milima hiyo. Mwaka 1897 alimfuata Luigi Amedeo wa Savoia, mwana wa ukoo wa kifalme wa Italia aliyejulikana kwa cheo cha Duke wa Abruzzi, hadi mlima Saint Elias huko Alaska, na mwaka 1899 aliuzunguka mlima Kangchenjunga katika Himalaya pamoja na Freshfield. Kwa hiyo Duke alipoamua kwenda Ruwenzori mwaka 1906, alimchagua mtu mwenye umri wa miaka 46 aliyekwisha kujifunza katika mabara matatu jinsi kioo kinavyovunjika, jinsi unyevu unavyoilainisha jelatini, na jinsi lenzi iliyotoka katika hema lenye joto inavyofunikwa na mvuke mara inapokutana na baridi.

Wenzake katika safari hiyo walijigawia kazi kwa utaratibu. Kamanda Umberto Cagni alihusika na upimaji, Alessandro Roccati na mawe, na daktari Achille Cavalli Molinelli na afya pamoja na ukusanyaji wa mimea na wanyama. Sella alikuwa na msaidizi wake, Erminio Botta. Viongozi wa kupanda walitoka Courmayeur, akiwemo Joseph Petigax, na pamoja naye César Ollier na Joseph Brocherel, watu wawili ambao tarehe 13 Septemba 1899 walikuwa wamefika na Halford Mackinder kwenye Batian, kilele cha juu cha Mlima Kenya. Waliijua tayari barafu ya Ikweta, ambayo asubuhi ni ngumu kama mwamba na adhuhuri huwa uji.

Njia ya kwenda Bujongolo

Msafara uliondoka Napoli kwa meli katikati ya Aprili 1906, ukashuka Mombasa, ukapanda reli iliyokuwa imefika kwenye Ziwa Viktoria miaka michache tu kabla, kisha ukavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe. Reli hiyo ilikuwa imebadilisha hesabu ya safari zote za bara: mwendo wa miezi mitatu kwa miguu ulikuwa sasa mwendo wa siku chache, na masanduku ya vioo yalifika ziwani bila kuteremshwa na kupandishwa kila jioni. Lakini kutoka Entebbe hadi Fort Portal, na kutoka huko hadi miguuni pa mlima, mizigo ilirudi vichwani mwa watu kama zamani, na utaratibu wa safari ukabaki ule uliotengenezwa na misafara ya pwani katika karne ya 19, wenye wapagazi, wanyapara waliowasimamia, na posho ya kila siku.

Bonde la Mubuku ndilo lililokuwa lango. Hapo kazi ya kubeba waliichukua Wakonzo, ambao walizijua njia za wawindaji na waliweza kulala katika mapango ya mwamba mahali ambapo watu wa nyanda za chini wasingestahimili baridi. Njia hupanda kwa ngazi kubwa za maumbile, na kila ngazi ina namna yake ya kumchosha mtu: kwanza nyasi ndefu, kisha msitu wa mianzi, kisha miti ya erika yenye mashina yaliyopinda na kuvikwa kuvumwani, ile mimea laini inayoota juu ya miti na mawe penye unyevu, hata mguu ukashindwa kujua kama unakanyaga ardhi au gogo lililooza. Juu zaidi husimama lobelia na senesio, mimea ambayo kwingineko ni ya kimo cha goti na hapa hupita kimo cha mtu, ikiwa imeota katika matope meusi yasiyokauka. Katika njia hiyo Wakonzo, wengi wao bila viatu, walipandisha mahema, chakula, vyombo vya kupimia na masanduku ya vioo hadi Bujongolo, chini ya mwamba uliojitokeza kama paa, kwenye mwinuko wa karibu mita 3,800, na hapo ndipo ilipowekwa kambi kuu.

Kungoja kilele

Duke hakukawia. Tarehe 18 Juni 1906, akiwa na Petigax, Ollier na Brocherel, alifika kwenye vilele viwili vya juu vya Mlima Stanley, akaviita Alexandra na Margherita kwa majina ya malkia wa Uingereza na malkia mama wa Italia, na juu ya Margherita akasimika bendera ndogo aliyopewa na malkia huyo, yenye maneno ya kuhimiza kuthubutu na kutumaini. Vipimo vyake viliipa Margherita mita 5,125, tofauti ndogo tu na kimo kinachotumika leo, na hivyo dhana ya Johnston ya mita 6,100 ikafikia mwisho.

Mpandaji aliyefika kileleni ukungu ukiwa umetanda alikuwa amefika. Mpiga picha aliyefika vivyo hivyo alikuwa hajafanya kitu. Hii ndiyo tofauti iliyofanya kazi ya Sella iende kwa mwendo wake wenyewe, kwa kuwa hakutafuta kilele kwa ajili ya kukikanyaga bali kama mahali pa kusimama ili aone vingine. Ilimbidi achague ukingo ulioelekea milima aliyoitaka, apande kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa saa za wazi aghalabu zilikuwa chache za asubuhi, akite miguu ya stendi katika theluji iliyoganda, kisha angoje. Chini ya kitambaa cheusi alichojifunika kichwani, mlima ulimtokea juu chini kwenye kioo cha nyuma cha kamera, na hapo ndipo alipopima ukali wa taswira na mpaka wa picha. Baada ya hapo alitoa kioo hicho, akaweka kishikio chenye bamba, na tangu dakika hiyo hakuweza kuona tena kile ambacho kamera ilikuwa ikikiona. Ukungu ukiingia kati ya hatua hizo mbili, alianza upya.

Kazi iliyohitaji subira zaidi ilikuwa panorama, yaani picha ndefu inayoonyesha duara au nusu duara la upeo wa macho kwa kuunganisha mabamba kadhaa. Kila bamba lilipaswa kupigwa kamera ikiwa imegeuzwa kidogo juu ya stendi iliyosawazishwa, huku ukingo wa picha moja ukirudia sehemu ya ile iliyotangulia, na mwanga ukiwa haujabadilika. Wingu moja lililopita mbele ya bamba la tatu liliweza kuharibu kazi ya mengine yote. Pamoja na shida hiyo, Sella alileta panorama zinazoonyesha milima hiyo ikitazamana, na kwa picha hizo, zikisaidiana na pembe zilizopimwa na Duke na Cagni, mpangilio wa milima sita ulieleweka kwa mara ya kwanza. Hapo picha haikuwa pambo la ramani. Ilikuwa hoja yake, kwa sababu msomaji aliweza kuona mwenyewe kwamba kilele fulani kiko nyuma ya kingine, na kwamba kipito fulani kinatenganisha barafu mbili.

Mojawapo ya mambo yaliyowashangaza watazamaji wa Ulaya ni umbo la barafu yenyewe. Kwenye kingo za Margherita na Alexandra theluji hujitokeza nje ya mwamba kama upenu wa nyumba, na chini ya upenu huo, kwa kuwa jua la Ikweta huyeyusha mchana na baridi hugandisha usiku, huning'inia nguzo za barafu zilizosongamana kama mishumaa iliyomwagika nta. Maneno yangeweza kuliita jambo hilo ajabu na kuliacha hapo. Picha za Sella zilionyesha unene wa upenu, mahali unaposhikana na mwamba, na utepe wa kivuli ulio chini yake, kwa uwazi ambao wanasayansi wa barafu wameweza kuurudia tena na tena.

Mwezi Januari 1907 Duke alitoa mihadhara Roma na London, na watu waliojaa ukumbini wakaonyeshwa vilele hivyo kwenye pazia kwa taa ya kuonyeshea picha. Kitabu rasmi cha safari kiliandikwa na Filippo De Filippi kutokana na kumbukumbu za Duke na kutolewa mwaka 1908, kikiwa na picha na panorama za Sella. Jina la mpiga picha likabaki pia mlimani, katika Kilele cha Sella kwenye Mlima Luigi di Savoia. Majina ya wengi waliobeba kamera yake hadi Bujongolo hayakuingia katika maelezo ya chini ya picha, na pengo hilo halizibiki kwa urahisi, kwa sababu bamba la kioo huhifadhi sura ya mtu lakini jina lazima mtu aliulize na kuliandika.

Miaka mitatu baada ya safari ya Ruwenzori Sella alikwenda na Duke kwenye K2, mlima wa pili kwa urefu duniani, na wapandaji wa vizazi vilivyofuata walizitumia picha zake kupanga njia. Alifariki tarehe 12 Agosti 1943, na mwaka 1946 Ansel Adams, mpiga picha maarufu wa Marekani, alichapisha makala ya kumsifu. Mabamba yake yangali yanatunzwa Biella na taasisi yenye jina la ukoo wake.

Kutoka angani, na kutoka Kongo

Baada ya mwaka 1906 palibaki upande mmoja ambao haukuwa umeonyeshwa vizuri, nao ni ule wa magharibi, ambako kuta za mlima huanguka kwa ghafla kuelekea Kongo. Mwaka 1932 msafara wa kisayansi wa Ubelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne uliupanda upande huo, ukachora ramani na kupiga picha za barafu zake. Wakati huohuo ndege ilianza kushindana na stendi ya miguu mitatu. Mswisi Walter Mittelholzer alipiga picha za Kilimanjaro kutoka angani mwaka 1930, na katika safari ya miaka ya 1937 na 1938 Wamarekani wawili, Richard Light na mkewe Mary, waliruka kutoka kusini hadi kaskazini mwa Afrika, mume akiendesha na mke akipiga picha. Kitabu chao cha mwaka 1941 kiliwaonyesha wasomaji Ruwenzori kama ndege aionavyo. Wingu lililomfungia Sella macho sasa liliweza kupitwa kwa juu, ingawa rubani naye alilazimika kungoja lipasuke ili kuona kilicho chini.

Picha ileile, swali jingine

Tangu mwishoni mwa karne ya 20 picha za mwaka 1906 zimepata wasomaji wapya, ambao ni wachunguzi wa barafuto. Barafuto ni barafu nene iliyojikusanya kwa miaka mingi na kutambaa polepole kuteremka mlima kwa uzito wake. Wachunguzi hao hutumia njia ya kurudia picha: hutafuta jiwe au ukingo uleule aliposimama mpiga picha wa kwanza, huelekeza lenzi kwa pembe ileile, na kulinganisha mistari ya miamba, ambayo haikubadilika, na mistari ya barafu, ambayo imehama. Ubora wa mabamba makubwa ndio unaoifanya kazi hiyo iwezekane, kwa kuwa alama ndogo katika mwamba iliyohifadhiwa kwenye kioo mwaka 1906 huweza kutambuliwa leo na kutumika kama kipimo.

Matokeo ya ulinganishi huo, yakijumlishwa na picha za ndege na za setilaiti, hayana utata mkubwa. Inakadiriwa kwamba mwaka 1906 Ruwenzori ilikuwa na barafuto 43 zilizogawanyika katika milima yote sita na kufunika takribani kilomita za mraba 7.5. Milima ya Emin, Gessi na Luigi di Savoia ilipoteza barafu yake yote katika karne ya 20, na uchunguzi wa setilaiti wa mwaka 2003 ulikadiria kwamba ilikuwa imebaki takribani kilomita moja ya mraba tu. Wanasayansi wamejadiliana kuhusu uzito wa kila sababu, wengine wakitilia mkazo kupanda kwa joto la hewa, wengine kupungua kwa unyevu na mawingu kulikoruhusu jua kupiga barafu moja kwa moja, lakini hakuna anayebishana kwamba barafu imepungua, kwa sababu picha ya kwanza ipo na ya pili imewekwa kando yake.

Hapo ndipo kazi ya Sella ilipogeuka maana bila mabamba yake kubadilika hata kidogo. Mwaka 1906 swali lilihusu vilele vyenye theluji ni vingapi na vimepangana vipi, na picha zilijibu kwa kuonyesha theluji ipo wapi. Mtazamaji wa leo huzitazama picha zilezile ili ajue theluji ilikuwepo hadi wapi, na kitenzi ndicho kilichobadilika njeo. Wakonzo, ambao hawakuhitaji picha kujua mlima wao umevaa nini, wamebaki na jina linalotaja theluji, na jina hilo nalo linaelekea kuwa kumbukumbu kama mabamba ya Biella. Anayepanda sasa kurudia panorama moja ya mwaka 1906 hubeba kamera nyepesi isiyofika kilo moja, lakini akishafika kwenye jiwe la Sella hufanya lile alilofanya Sella: hukita stendi, huelekeza lenzi mahali ambapo mlima unapaswa kuwapo, akakaa kungoja ukungu.